Pale Watu Wanaposimama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na Bosi naye hakutaka kupitwa. Kabla sijavua koti alikwisha kutuita mezani. Halmashauri ya mji inataka kukifukia kinamasi kilicho nyuma ya mtaa wa chini ili ijenge soko. Tarehe 29 kutakuwa na kikao cha wananchi. Wakija wengi wakakataa, kinamasi kitabaki. Wakija wachache, halmashauri itaandika kwamba wananchi hawana pingamizi, na mvua zikikatika malori yataanza kumwaga kifusi.

Kuwaleta watu ni kazi ya mabango, na mabango ni kazi yangu. Shirika letu la mazingira ni dogo kiasi kwamba idara nzima ya ubunifu ni mimi, kompyuta moja inayopumua kwa taabu, na dirisha lisilofungika vizuri. Bosi ni mwanamke wa vipimo. Ukimwuliza kama chai ina sukari atakutajia vijiko. "Nataka bango la kuwatikisa watu," aliniambia. Nikamwuliza wakishatikisika waelekee wapi. Alinitazama juu ya miwani, akasema nitoke nikafanye kazi.

Dada yangu anaishi mtaa wa chini, na uzio wa nyuma wa nyumba yake unagusa matete. Maji yote yanayoteremka mlimani huishia kwenye kinamasi. Kikifukiwa, yatatafuta pengine pa kulala, na sebule ya dada ndiyo iliyo karibu. Naliandika hili mapema ili nisijifanye kwamba kwangu ni kazi ya ofisini tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimechora samaki aliyekufa. Bosi kampenda sana.

Jumanne, 11 Machi

Samaki ametoka mashineni. Mpiga chapa wetu huimba puani kutwa nzima, lakini leo nakala ya kwanza ilipotoka aliacha kuimba.

"Poleni," alisema. "Nani kafiwa?"

Nilimwambia ni tangazo la kikao. Akalitazama tena: rangi nyeusi nyuma, tumbo jeupe juu, maneno KINAMASI KIKIFA NASI TUNAKUFA kwa herufi nyekundu, na chini yake takwimu za Bosi zimejipanga kama sisimizi.

"Basi mimi msinitegemee. Siku hiyo nitakuwa nimeshakufa."

Nilicheka, ila kwa nje tu. Jioni tuliyabandika kuanzia kituo cha basi hadi mtaa wa chini.

Ijumaa, 14 Machi

Kuna swali ambalo chuoni hawakunifundisha kulijibu: mtu akilipita bango, hasa anatazama nini? Leo nilikaa ng'ambo ya kituo cha basi na mwavuli wangu, nikawatazama watu wakimtazama samaki.

Hawakumtazama. Anayeshuka kwenye basi hutazama chini asije akakanyaga dimbwi. Anayesubiri hutazama kule basi linakotokea. Mama mmoja alimwona samaki vizuri, na kwa sababu hiyo akamgeuza mtoto wake uso upande wa pili. Bwana mmoja mwenye mwili mkubwa aliliegemea bango zima kwa mgongo, akasinzia.

Nilivuka nikamwuliza msichana aliyekuwa amesimama karibu kama anajua tangazo linasemaje. "Wanasema tusile samaki," alijibu bila kufikiri.

Mchana mwuza samaki wa kona alikuja ofisini akiwa amevimba. Tangu juzi wateja wanamwuliza kama samaki wake ni salama, wengine wananusa mpaka mizani. Alitaka kujua ametukosea nini. Bosi alimwomba radhi kwa heshima zote. Mimi nikachukua ndoo ya maji na kisu cha kukwangulia, nikaenda kuyabandua yote ya kona yake, yeye kasimama nyuma yangu akinionyesha mabaki.

Nilipokuwa nakwangua nilielewa kitu. Bango lile linamwogopesha mtu halafu halimpi pa kwenda. Mtu aliyeogopa hasomi tarehe.

Jumapili, 16 Machi

Dada amepiga simu. Anasema siku hizi mimi ni mgeni rasmi, sionekani mpaka nialikwe. Nimemwahidi nitakwenda. Mvua haijaacha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimevaa mabuti ya Bosi, yananizidi, nikaingia kinamasini asubuhi. Nilitaka kuona kuna nini humo zaidi ya matope na mbu. Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Ndipo mdiria, yule ndege mvuvi, akatua kwenye tete, karibu kabisa, buluu ambayo sikujua kwamba mji huu unayo. Alichungulia majini akiwa amekunja shingo, mdomo mrefu kuliko busara. Nilijikuta natabasamu peke yangu kwenye matope.

Nimemchora akiwa amejaa bango zima. Bosi aliuliza takwimu ziko wapi. Nikamwambia hazipo. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwishowe tukakubaliana: picha juu, na chini ukanda mweupe wenye siku, saa, ukumbi na sababu ya kikao. Hakuna mzoga, hakuna nyekundu.

Mpiga chapa aliimba tangu mwanzo hadi mwisho.

Jumatatu, 24 Machi

Wanasimama. Naandika tena ili nijisikie vizuri: wanasimama.

Mama mwenye sare ya hospitali alimgusa mdiria mdomoni kwa kidole. Wanaume wawili walibishana kama ndege wa namna ile yupo au nimemtunga. Nimeanza pia kuona kwamba picha si kila kitu, mahali napo pana neno. Pale kituoni, palipo na watu wengi kuliko kote, hakuna anayetazama. Lakini chini ya baraza la duka la dawa, ambako mtu anajikinga mvua na hana haraka, anautazama ukuta wote kuanzia juu hadi chini. Mtu ambaye mgongo wake umekauka na mikono yake haina mzigo, macho yake yanakuwa huru. Nimemweleza Bosi, akaandika.

Jumatano, 26 Machi

Mabango yanapotea. Kwenye duka la dawa halipo, kwenye ukuta wa shule halipo, mtaa wa chini hakuna hata moja. Nimebandika mengine.

Alhamisi, 27 Machi

Na hayo mengine yamepotea. Hayakuchanwa. Gundi imelowekwa, karatasi imenyanyuliwa taratibu kutoka pembeni, ukuta umebaki safi. Mwizi ana adabu. Nina hakika ni watu wa mkandarasi wa kifusi, na nimemwambia Bosi hivyo kwa maneno ambayo siyaandiki. Bosi anasema hakika bila ushahidi ni hasira tu.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao kimekuwa aibu.

Ukumbi ulikuwa na viti vingi vilivyopangwa vizuri, na mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba mwenyekiti wa halmashauri alilazimika kurudia kila sentensi, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Upande wetu tulikuwa wafanyakazi wa shirika, mwuza samaki, ambaye nadhani alikuja kuhakikisha hatumtaji, na wazee wachache waliokimbia mvua. Upande wa pili walikaa waombaji wa vibanda vya soko. Katikati yao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada.

Nilijua ameomba kibanda. Karakana ya samani aliyofanyia kazi miaka yote ilifungwa mwaka jana, na tangu hapo anahangaika. Sikujua angekuja kukaa mbele. Alinipungia mkono kwa furaha kabisa, kana kwamba tumekutana harusini. Nilimpungia pia, lakini moyoni nilimwona msaliti. Kinamasi hiki kikifukiwa maji yataingia sebuleni kwake, naye amevaa shati la pasi kuja kuyakaribisha.

Mwenyekiti aliangalia viti vitupu, akasema waliokuja hawatoshi kwa uamuzi wa namna hii, hata wa kuandika kwamba hakuna pingamizi. Kitaitishwa kikao cha pili Jumamosi ya tarehe 10 Mei, na hicho ni cha mwisho. Wananchi wasipojitokeza, ukimya wao utachukuliwa kuwa ni ndiyo.

Njia nzima Bosi alihesabu viti vitupu kwa sauti ya chini. Ningependa angenikaripia.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Sina la kuandika. Nimelala mapema.

Jumapili, 6 Aprili

Hatimaye nimekwenda kwa dada, na sijui nianzie wapi.

Nilivua viatu mlangoni, nikainua macho, na mdiria wangu alikuwa ukutani sebuleni. Ndani ya fremu. Fremu nzuri, ya mbao iliyopigwa msasa hadi inang'aa, pembe zimeungana bila mwanya. Ukanda mweupe wa chini haukuwepo. Palipokuwa na siku, saa na ukumbi palikuwa na ubao.

"Umeona?" dada alisema. "Shemeji yako kaitengeneza kwa mabaki ya mbao."

Nilimgeukia shemeji. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Ni wewe uliyeyatoa ukutani?"

"Lilikuwa linalowa, shemeji. Kazi ya mikono yako ioze kwa mvua na sisi tunatazama? Jirani akaliona, naye akataka. Kisha mwenzake. Sasa ukiingia mtaa huu karibu kila sebule ina ndege wako."

"Na maneno ya chini?"

"Hayakuingia kwenye fremu. Mbao zenyewe ni vipande, nina vipimo vyangu."

Nilikaa chini. Nilimwambia kwamba maneno yale ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe, kwamba ndege alikuwa wa kumsimamisha mtu ili asome tarehe. Nilimwambia kwamba ukumbi ulikuwa mtupu kwa sababu ya msumeno wake. Kisha nikamwuliza kile kilichokuwa kinanichoma: alikata kwa sababu hakuwa na nafasi, au kwa sababu anataka soko?

Tabasamu likamtoka. "Shemeji, soko nalitaka, na sikukuficha. Lakini ningetaka watu wasije, ningeyachana. Mimi sichani picha."

Dada aliweka sahani mezani kwa kishindo. "Mdogo wangu, huyu amekaa na picha yako siku mbili akitafuta mbao ya kufanana na rangi ya mdomo. Mwenye hila hahangaiki hivyo."

Nilivuta sahani nikala. Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira, naona aibu kusema, nilikuwa nimefurahi. Sijawahi kuchora kitu ambacho mtu alikitaka nyumbani kwake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia Bosi nani mwizi wetu. Alicheka hadi akavua miwani akafuta machozi. Sikujua kuwa Bosi anacheka. Kisha akauliza ni sebule ngapi, na kwenye hizo sebule watu wanasema ndege yule ni wa wapi. Akanituma nikatafute jibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeshinda mtaa wa chini nikigonga milango. Shemeji alijitolea kuniongoza, kwa kuwa anajua fremu zake ziko wapi. Nilimkubalia shingo upande.

Kila sebule niliuliza swali lile lile. Ndege huyu anaishi wapi? Bibi mmoja alisema ni wa ulaya, maana rangi zile ni za huko. Baba mmoja alisema alimwona kwenye televisheni, nchi ya visiwa. Mama wa nyumba ya pembeni, ambaye dirisha lake la jikoni linatazama matete, alisema ndege mzuri hivi hawezi kuishi penye watu.

"Mama," nilimwambia, "anaishi nyuma ya choo chako."

Alinitazama kama mtu anayetaniwa. Shemeji alisema, "Ni kweli, hata mimi nimemwona," na mama yule akamwamini yeye. Tulitoka nje sote watatu tukasimama kwenye matope kusubiri. Ndege hakutokea. Mama alisema, "Si nimewaambia?" akarudi jikoni.

Njia nzima nimekuwa nikilitafakari. Nilichora kitu kizuri hivi kwamba hakuna aliyeamini ni chake. Bango la kwanza liliwafukuza, la pili liliwapeleka nchi nyingine, na hakuna lililowaleta hapa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepata. Sitachora ndege, nitachora nyumba. Mtaa wa chini wote, nyumba kwa nyumba, kama unavyoonekana ukiwa umesimama barabarani: rangi halisi za milango, tangi la maji lililoinama, nguo kwenye kamba. Na katikati ya nyumba zote utapita mstari mmoja wa buluu, unaoonyesha maji yatafika wapi kinamasi kikifukiwa. Maneno ya kikao yataandikwa juu ya mstari wenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo. Atakayeyakata itabidi akate nyumba za watu.

Sikuwa na habari mstari upite wapi. Bosi alivuta droo akatoa vipimo alivyochukua mwenyewe misimu mitatu, akiwa ndani ya yale mabuti. Miaka yote nimemcheka kwa takwimu zake, na leo zimegeuka mstari mbele ya macho yangu. Kwa nyumba ya dada mstari unapita kwenye kizingiti cha dirisha.

"Tuupandishe kidogo," nilisema. "Ufike katikati ya kioo. Watashtuka zaidi."

"Hapana."

"Kidole kimoja tu."

"Tukiongeza kidole, siku watakapopima wenyewe hawatatuamini hata tukisema leo ni Alhamisi." Alirudisha droo. "Chora ulipo."

Nimechora ulipo.

Jumanne, 22 Aprili

Nachora milango. Mlango wa dada ni kijani kilichofubaa, nimepata rangi kwa kuchanganya mara nne.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote, tangu jana bila kupumzika. Dada alipiga simu kwamba kinamasi kimejaa hadi kwenye uzio. Nilikwenda. Tulisimama mlango wa nyuma, mimi, dada na shemeji, tukitazama maji yakipanda kati ya matete. Yalifika kwenye ubao wa mwisho wa uzio, yakakaa hapo, hayakuongezeka. Mchana yalianza kushuka.

Shemeji alitazama kuliko sisi wote, na baadaye nilimwona anakwenda kugusa alama ya unyevu kwenye mbao.

Jumanne, 29 Aprili

Bango la tatu limebandikwa. Mpiga chapa hakuimba wala hakunyamaza: alianza kutafuta nyumba ya mkwewe.

Na ndivyo wanavyofanya wote. Nilisimama chini ya baraza la duka la dawa, nikawa sioni bango kwa sababu ya migongo. Kila mtu anaitafuta nyumba yake. Akiipata anaweka kidole, kisha kidole kinashuka au kupanda hadi kwenye mstari wa buluu, na hapo sauti inabadilika. "Kwangu ni mlangoni." "Wewe una bahati, kwangu ni kitandani." "Huu mstari ni wa nini? Hebu soma." Na mtu anasoma, kwa sauti, siku na saa na ukumbi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii kazini.

Jioni shemeji alinisubiri nje ya ofisi.

"Mstari ule, ulipouchora kwenye nyumba yangu, ulikuwa na hasira na mimi?"

"Nilikuwa nayo. Lakini mstari ni wa vipimo."

"Ungekuwa wa hasira ningelala vizuri," alisema, akaondoka.

Ijumaa, 2 Mei

Fundi cherehani wa mtaa wa chini amevamia ofisi. "Nyumba yangu mmeipeleka wapi?" Ni kweli, haipo. Siku niliyochora lori lilikuwa limeegeshwa mbele yake, nami nikaunganisha jirani wa kushoto na wa kulia kama vile yeye hajazaliwa. Anasema tangu juzi majirani wanamwuliza amehama lini.

Nilimwomba radhi mara nyingi. Bosi, kwa uso mkavu kabisa, alimwambia malalamiko yote yatapokelewa Jumamosi tarehe 10, ukumbini, na aje na mashahidi kwamba nyumba ipo. Fundi aliahidi kuleta ukoo mzima.

Jumatano, 7 Mei

Wengine wamekuja kulalamika: rangi ya mlango si hiyo, mti wetu umeuondoa, kwa nini kwake maji ni machache. Wote tumewaelekeza Jumamosi. Mabango yote yapo ukutani. Hata moja halijapotea.

Jumamosi, 10 Mei

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani kwa nje wakiwa na miavuli. Fundi cherehani alikuja na ukoo wake, wakakaa safu nzima. Wengi walikuja na manung'uniko dhidi yangu, na kwa saa nzima mwenyekiti alisikiliza habari za milango na miti. Lakini kila aliyesimama kulalamika aliishia kwenye mstari. Ni wa kweli au ni wa kutishia watu? Bosi alisimama akaeleza vipimo vyake. Alieleza vizuri, na hakuna aliyemwelewa. Bwana mmoja wa upande wa soko akasema shirika linaishi kwa kutisha watu, kwanza lilianza na samaki. Watu wakacheka, na nilihisi ukumbi unatuponyoka.

Ndipo shemeji akasimama, katikati ya waombaji wa vibanda, kwa shati lile lile la pasi.

"Mimi ni seremala," alisema. "Mstari ule sikuupenda, kwa hiyo nilichukua pimamaji yangu na kamba, nikapima kuanzia alama ya maji ya mvua ile kubwa hadi nyumbani kwangu, na kwa majirani walioniruhusu, nikaongeza na maji yatakayokosa kinamasi cha kukaa. Nilitaka kuonyesha kwamba ni uongo." Alimtazama dada. "Si uongo. Kinamasi kikifukiwa, maji yatafika dirishani kwangu, pale pale walipochora."

Waliokuwa madirishani kwa nje walifunga miavuli wakaingiza vichwa ndani.

"Lakini nataka soko," aliendelea. "Maji yanakuja msimu mmoja, yanaondoka, mtu anaanika godoro. Mimi tangu karakana ifungwe naamka kila asubuhi sina pa kwenda. Hilo bango halikulichora. Nimemaliza."

Alikaa. Nilimtazama na nikaona haya kwa kila nililolifikiria juu yake mwezi Machi. Aliupima mstari akijua ukiwa wa kweli utamnyima kibanda, halafu akausema.

Mwenyekiti alisema kuhesabu mikono kutamchanganya. Anayetaka soko akae upande wa madirisha, anayetaka kinamasi kibaki akae upande wa mlango. Viti vilianza kukwaruza. Shemeji alikwenda madirishani bila kusita. Dada alisimama, akamwangalia, akatengeneza mtandio wake, na akaja upande wa mlango. Hawakununiana. Nadhani walikuwa wamekwisha kuyazungumza nyumbani.

Watu walikuwa wakiulizana, "Seremala si kasema ni kweli?" na wakiulizana hivyo walikuwa wanakuja upande wetu. Fundi cherehani alikuja na ukoo wake wote. Mwuza samaki alikuja. Yule mama wa dirisha la jikoni alikuja. Mwishowe upande wa madirisha walibaki wachache, wamekaa wametawanyika, na mwenyekiti hakuhitaji kuhesabu. Kinamasi hakitafukiwa.

Bosi alinishika mkono akaubana hadi ukauma. Nilikuwa nalia na sikujificha. Nilipotoka nje niliwaona dada na shemeji wanateremka barabara chini ya mwavuli mmoja, yeye ameuinamisha upande wa mkewe, bega lake moja linalowa.

Jumapili, 11 Mei

Dada anasema shemeji hajasema neno tangu jana, ila amekula. Nimeuliza kama niende. Amesema nisubiri.

Alhamisi, 15 Mei

Leo jua limewaka kutwa, mvua ni kama imeaga. Asubuhi nilikuwa nakwenda kazini nikakutana na shemeji uso kwa uso. Alinipita bila salamu. Sikumlaumu, niliendelea kutembea. Kisha nikasikia hatua zake zimesimama, zikarudi.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama. Na wewe?"

"Nimeamka."

Tulisimama pembeni watu wapite. Nilimwambia siwezi kumwomba radhi kwa kinamasi, maana ningeambiwa nianze upya ningefanya vile vile. Alisema hakuja kudai radhi. Nikamwambia jambo jingine ambalo nimekuwa nalo tangu Jumamosi: kwamba msimu mzima nimekaa barabarani natazama watu wanasimama wapi, najua ni wapi mtu hupita mbio na ni wapi hukaa akautazama ukuta kwa kukosa la kufanya, na elimu yote hiyo nimeitumia kwa mabango tu. Nyuma ya zahanati, wanakosubiri majibu ya vipimo, kuna baraza refu, pakavu, na hakuna anayeuza kitu.

Alifikiri. "Mtu anayesubiri majibu atanunua fremu?"

"Sijui," nilisema. "Twende tukaone."

Tulikwenda. Tulikaa mwisho wa benchi kama watu wanaosubiri zamu, saa ya kuingia kazini ikanipita na sikujali. Mwanamke mmoja alitoka na bahasha yake, akaisoma, akaikunja, akaketi mbele yetu akiutazama ukuta mtupu kwa muda mrefu. Shemeji alinigusa kiwiko.

"Yule," alisema kwa sauti ya chini, "unadhani angependa kutazama nini?"